Nusu Saa Bila Kusimama

Asubuhi ya kwanza niliyotoka kukimbia mtaani kwetu Ghubra, huku Maskati, magari matatu yalisimama kuniokoa. La kwanza lilikuwa la jirani yetu. Alishusha kioo na kuniuliza kwa hofu nani amefariki. La pili lilikuwa la binamu yake marehemu baba. Alinifungulia mlango kabisa, akasema, "Ingia mwanangu, nnakupeleka." Nikamwambia siendi kokote. Akanitazama viatu, akaitazama njia niliyotoka, akasema basi atanipeleka huko huko nisikokwenda. La tatu nililijibu kwa ukali, na ninajuta mpaka leo, maana aliyekuwa ndani ni mume wa mwalimu wangu wa Kurani.

Zama hizo, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwanamke wa kwetu aliyeonekana akikimbia barabarani ama alikuwa na msiba ama amegombana na mumewe. Mimi sikuwa na msiba, na mume tulikuwa tumeshaachana kwa salama. Nilichokuwa nacho ni maneno ya daktari. Aliniambia sukari imefika mlangoni lakini bado haijaingia, akanipa miezi mitatu: nusu saa kila siku, mchakamchaka wa taratibu, bila kusimama. Hayo maneno mawili ya mwisho aliyarudia, utadhani aliujua ukoo wetu. Baba yangu alikufa kwa sukari, na kabla ya kufa alikatwa mguu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita na miguu yangu yote miwili. Nilitoka hospitali nimekasirika, nikaenda moja kwa moja madukani Ruwi kununua raba.

Mbio zenyewe hazikunishinda. Wiki ya tatu pumzi zilikuwa zimekaa sawa na miguu imeacha kulalamika. Kilichonishinda ni watu. Kwetu mtoto hapiti mbele ya mkubwa bila kumwamkia, na ukishakuwa mtoto wa watu unabaki mtoto hata ukiwa na mvi. Tena kuamkia si kupunga mkono. Unasimama, unashika mkono, unaubusu, unauliza hali, unaulizwa wewe, unauliza za nyumbani, za waliosafiri, na za goti, na habari za goti hazijawahi kuwa fupi. Kutoka kwetu mpaka pwani palikuwa na nyumba saba za watu wa Unguja kama sisi, na kila nyumba ilikuwa na mtu mzima aliyemaliza kuswali Alfajiri na hana shughuli nyingine ila kumwagilia miti yake maji mpaka jua litoke. Siku moja nilitoka kukimbia nusu saa nikarudi saa mbili asubuhi, mkononi nimeshika sahani ya vitumbua, na vingine vimo tumboni. Daktari angelia.

Nikajaribu mtaa wa Ansab, nikidhani kule sijulikani. Geti la pili tu likafunguka, akatoka shangazi yangu aliyekwenda kumtazama mkwewe aliyejifungua. Niliingia kumwona mtoto na kutoka baada ya vikombe vitatu vya kahawa.

Basi siku moja nikajitia ushujaa. Bibi mmoja wa mtaani, mtu mzima sana, alikuwa getini kwake na mpira wa maji. Niliinua mkono, nikapaza sauti, "Chei chei, bibi!" Nikapita bila kupunguza mwendo. Nilijiona nimefanya la maana, kwani salamu nimetoa na mbio sijazikata. Nilipofika nyumbani simu ilikuwa imeshanitangulia. Mama alikuwa amekaa sebuleni na buibui lake, tayari kutoka.

"Umempita bi mkubwa wa watu kama umepita nguzo ya taa," alisema. "Oga, vaa, tunakwenda kumtaka radhi."

Nilioga, nikavaa, nikaendesha gari. Njiani nikashindwa kujizuia. "Baba kafa na adabu zake zote, mama. Na mimi wataka nife hivyo hivyo?"

Mama ndiye aliyemchoma baba sindano miaka yote, na ndiye aliyekuwa akimsafisha kidonda asubuhi na jioni mpaka walipomkata. Katika yote niliyowahi kumwambia mama, hilo ndilo neno baya kuliko yote, na mpaka leo sijui kama nalijutia. Radhi tulikwenda kutaka, tukapewa, tukapewa na halwa. Lakini wiki nzima baada ya hapo mama alizungumza nami mambo ya jikoni tu.

Nikazihamishia mbio zangu Matrah. Nilikuwa nafanya kazi wizarani, mji mkongwe wa Maskati, ule wa ndani ya kuta, kwa hiyo njia ilikuwa yangu hata hivyo: nilitoka Ghubra baada ya kuswali, nikaegesha gari penye soko la samaki, nikakimbia ukingoni mwa bahari. Tangu hapo nimekimbia njia nyingi. Miaka ya elfu mbili nilifika hata kisiwa kimoja cha Ugiriki kwa mapumziko, nikakimbia juu ya mawe ya pwani kati ya nyumba nyeupe na maji ya buluu, na watu waliokuwa wakinywa kahawa vibarazani waliniinulia vikombe tu bila kutaka kujua mimi ni binti wa nani. Nilicheka peke yangu. Uzuri ule nilikuwa naujua. Matrah pia asubuhi nyumba ni nyeupe na roshani zake za mbao zinatazama bahari, milima myeusi inashuka mpaka barabarani, ngome imekaa juu ya jabali, na shakwe wanagombea matumbo ya jodari. Kisha njia inapinda mpaka Riyam, ambako wamejenga chetezo kikubwa cheupe juu ya kilima, kama cha kufukizia mji mzima. Baada ya chetezo njia inapanda, inabanwa na majabali, mpaka inakufikisha kwenye lango la Maskati. Sokoni mpaka langoni, kwa mwendo wangu, ilikuwa nusu saa na kidogo. Kama iliyopimwa na daktari mwenyewe.

Ila na Matrah nako kulikuwa na wenyewe. Katikati ya njia, kwenye mabenchi ya kutazama bahari, walikaa wazee wanne waliostaafu, na wote walimjua baba. Kila waliponiona walisimama, na mzee akikusimamia utampitaje? Karibu miezi miwili nilikimbia pale, na lango sikuwahi kulifika bila kukata mbio. Nilibakiwa na siku mbili kurudi kwa daktari. Karatasi zingesema zitakavyosema, lakini mimi nilitaka nusu saa yangu nzima, walau mara moja, nijue kwamba naweza kuishi na watu hawa bila kufa kwa ajili yao.

Asubuhi hiyo mama alinikuta nafunga kamba za raba. Alikuwa amevaa buibui.

"Nnakuja," alisema.

Nikamfungulia mlango wa gari. Tulipofika penye mabenchi akaniambia nisimamishe gari. Akashuka, akaenda kwa wazee, akasema nao. Nilimwona akinyoosha kidole kwangu, kisha kwenye mguu wake mwenyewe, kidogo chini ya goti. Mzee mmoja akainama. Mama akarudi, akataka nimpeleke mpaka Riyam, nikamwacha kwenye benchi chini ya chetezo na chupa yake ya kahawa. Nikageuza gari mpaka sokoni.

Nilianza kukimbia. Nilipoyakaribia mabenchi moyo ulinienda mbio kuliko miguu. Wazee wamekaa, wote wanne, wameikazia macho bahari kama watu wanaopigwa picha. Hakusimama hata mmoja. Nilipokuwa nawapita, yule aliyekuwa rafiki mkubwa wa baba akashindwa kuvumilia, akainua bakora yake juu, akapiga kelele, "Chapua miguu, binti! Wala usinijibu! Usinijibu!"

Sikumjibu. Nilicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu anayehitaji pumzi.

Kisha nikamwona mama. Alikuwa amesimama mbele ya benchi lake, na miguu yangu, ambayo imelelewa naye, ikaanza kupunguza mwendo yenyewe. Tangu nianze kutembea sijawahi kumpita mama asubuhi bila kuubusu mkono wake. Nikanyoosha wangu. Akaurudisha wake nyuma, akauficha ndani ya buibui.

"Usisimame!" Alipaza sauti, mama ambaye hakupaza sauti hata baba alipokufa. "Usisimame kwangu wala kwa mtu! Pita, mwanangu! Pita!"

Nikapita. Kilima kile sikukiona. Nakumbuka jabali upande mmoja na maji upande mwingine, na mtunza bustani aliyenisogezea mpira wake wa maji nisijikwae. Nilipotazama saa, nusu saa ilikuwa imeshapita na mimi bado nakimbia. Niliingia chini ya lango la Maskati mikono juu, peke yangu, kelele zinanitoka, nikalipiga ukuta kwa viganja vyote viwili. Daktari aliniambia baadaye kwamba sukari imerudi nyuma, nikamshukuru Mungu, lakini ushindi wangu nilikuwa nimeshaupata langoni. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na kuliko siku ya talaka.

Kisha nikageuka, nikashuka kilima kwa mbio zile zile. Mama alikuwa bado amesimama. Nilipobakiza hatua chache, akautoa mkono ndani ya buibui, akaunyoosha.

"Haya," alisema. "Sasa niamkie."

Nikasimama, nikauinamia, nikaubusu. Jasho langu likamtiririkia mkononi, naye hakulifuta.