Barabara Laini ya Kirushya

Mvua zilikuwa karibu, na ofisi yetu ya barabara ilitaka kujua barabara ipi ya changarawe itengenezwe kwanza. Ndiyo maana mimi na dereva wetu, Bahati, tuliondoka Biharamulo saa kumi na mbili asubuhi, gari likiwa limefungwa kifaa cha kupima mtikisiko karibu na ekseli. Barabara ikiwa mbovu, mstari kwenye kompyuta hupanda. Ikiwa nzuri, hutulia.

Bisibo mstari ulirukaruka, kama tulivyotarajia. Kasulo tulikunywa chai, tukaendelea kulala Ngara mjini.

Kesho yake asubuhi tulikuwa Kirushya. Ukungu ulijaa bondeni, migomba haionekani ila vivuli. Tukafika mahali laini kuliko kote tulikopita, na papo hapo mstari ukapanda hadi juu. Mwilini hatukuhisi kitu. Bahati akarudisha gari, tukapita tena. Ukapanda palepale. Mara ya tatu, vilevile. Nikaona kifaa kimeharibika, nikataka kuvifuta vipimo vile.

Ndipo tulipomwona mama mzee amesimama kwenye maharage yake, akitutazama. Nilishuka nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia, akasema anaitwa Sesilia. Nikamuuliza kama hapo pana shida.

"Ng'ombe wangu hawapiti hapo," akasema. "Wakifika wananusa, wanarudi. Nawapitisha shambani."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua zilizopita. Na ninyi nimewaona mkipita mara tatu."

Bahati akazima injini. Nilipiga magoti, nikaweka sikio barabarani. Chini kulikuwa na sauti, kama watu wengi wakinong'ona kwa mbali. Nikachukua nondo, nikaichoma ardhini. Iliingia shubiri moja, kisha ikaniponyoka na kuzama yote. Nikasikia ikianguka majini.

Kalavati la zamani lilikuwa limevunjika, na maji yameula udongo wote chini yetu. Tulikata matawi tukaziba njia pande zote mbili. Lori lililojaa watu wa mnadani likaja. Dereva wake alibishana na Bahati kwa muda mrefu, mwishowe akageuza.

Alasiri tuliporudi mahali pale, barabara haikuwepo. Lilikuwepo shimo ambalo lingelimeza lori lile zima. Mama Sesilia alituambia kwamba kabla ya kudidimia, ilikoroma kama mtu aliyelala.

Siku hizi sifuti kipimo nisichokielewa. Nashuka, nawauliza wanaopita hapo kwa miguu. Na barabara ikiwa laini mno, namwomba Bahati apunguze mwendo.