Daktari Aliniambia Hajui, na Sasa Binti Yangu Anakohoa

Mwenye barua hii ameomba tusitaje jina lake wala la shamba anakokaa. Majina ya watoto ameyabadilisha yeye mwenyewe.

Wapendwa wasomaji, na ninyi mnaosomewa na wenzenu, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, nimeolewa kanisani, na masomo yangu yaliishia shule ndogo ya misheni. Tunakaa katika laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la pareto, huku juu Sachangwan. Mimi nachuma maua yake, mume wangu anaendesha trekta. Mungu alitupa watoto wawili tu, Yohana na Rebeka.

Mwaka jana Yohana alishikwa na kifua kikuu. Tukampeleka Nakuru, kwa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa anajaribu matibabu ya namna mbili. Wengine walipewa vidonge peke yake, wengine vidonge pamoja na sindano. Daktari mwenyewe hakuchagua nani apate nini. Kulikuwa na bahasha zilizofungwa. Mgonjwa akifika, moja inafunguliwa, na matibabu yake yameandikwa ndani. Ya Yohana ilisema vidonge. Alivinywa vyote, nilikuwa namsimamia mimi. Akafa kabla ya mvua ndefu. Habari ilinikuta naanika maua ya pareto, na nikaendelea kuanika. Mpaka leo sijalia. Watu bado wananiita Mama Yohana, na mimi naitika tu.

Baada ya mazishi nilirudi kumwuliza daktari kwa nini mtoto wangu alinyimwa sindano. Akavua miwani, akanitazama. Akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Mama, mimi hapana jua gani iko mzuri. Kama mimi najua, watu yote napata ile mzuri. Sasa bado hapana jua. Mtoto yako moja hawezi kuniambia. Pole sana, mama."

Ndugu zangu, neno hilo liliniingia kuliko udongo wa kaburi. Mganga wa kwetu hajawahi kusema hajui. Mchungaji pia. Huyu Mzungu mwenye dawa zote, ndiye anayesema hajui? Nilitembea mpaka stesheni kama mtu aliyetobolewa, kila kitu kinapita tu.

Sasa Rebeka anakohoa, na kwenye kitambaa nimeona damu. Ana miaka kumi na sita. Daktari amemwona, amesema tumrudishe mwisho wa mwezi, na bahasha ingine itafunguliwa. Mume wangu hataki kusikia. Amepata dresa mmoja wa zamani, aliyekuwa akifunga vidonda hospitalini, anayedunga watu sindano nyumbani kwake nyuma ya maduka. Dresa aliniambia na kicheko, "Mama, kidonge ni cha kuumwa kichwa. Sindano ni sindano!" Lakini daktari ametuonya: sindano za kuanza na kuacha zinamzoesha mdudu wa ugonjwa dawa, na Rebeka akishadungwa huko, hawezi tena kuingia katika majaribio yake.

"Mama Yohana," mume wangu akaniambia, "bahasha ilishakula mtoto mmoja. Unataka kuipa na wa pili?"

"Na Selina je?" Selina ni binti wa jirani. Alipata sindano, akapona, amenenepa, lakini masikio yamekufa. Ukimwita hageuki.

"Kiziwi si maiti."

"Na mzee wa getini?" Huyo ni mlinzi wetu. Alipewa vidonge kama vya Yohana, na leo anapasua kuni na kutukana mbwa.

"Ah, yule! Kifua chake ni cha zamani, si kama cha watoto wa siku hizi."

Niliona kwamba anayemfaa ni ushahidi, na asiyemfaa anatafutiwa sababu. Lakini nisimseme yeye peke yake. Mimi pia nawahesabu waliopona kwa vidonge, nawashika sana, ili nisikubali kwamba sindano ingemwokoa Yohana.

Kanisani nako wamegawanyika. Mzee mmoja anasema hata mitume walipiga kura, kwa hiyo bahasha iko mkononi mwa Mungu. Mama mwingine anasema huo ni mchezo wa kamari, na mtoto hachezewi kamari. Huku shambani wenzangu wananitania: "Dada, bahasha ya Mzungu ni kama gunia la posho. Mpaka ufungue ndipo ujue ni unga au ni wadudu!" Wakacheka. Nikacheka nao, na ndani sikusikia chochote.

Juzi nilikuwa jikoni na Rebeka, anamenya viazi. Kumbe alitusikia mimi na baba yake, kwani ukuta wetu ni wa udongo mwembamba.

"Mama, usichague wewe," akasema.

"Kwa nini?"

"Ukichagua wewe nikafa, utasema umeniua. Baba akichagua, atasema yeye. Acha bahasha. Yenyewe haitakosa usingizi."

Halafu akaniambia nisogeze sufuria, maji yanamwagika. Nikasogeza. Mtoto mgonjwa ndiye ananibebea mzigo, na mimi nimesimama hapo na sufuria.

Mume wangu ameniachia neno la mwisho, anasema nisije nikamlaumu. Sitaki mniambie ni dawa gani inaponya, kwa sababu hamjui, na nimechoka na watu wanaojua. Yule aliyesema hajui ndiye peke yake ambaye sijaona akinidanganya, na ndiye ambaye mtoto wangu alifia mikononi mwake. Mama akikubali bahasha ifunguliwe, amemkabidhi Mungu mtoto wake, au amemtupa? Mwenye kuzaa na anijibu kabla mwezi haujaisha. Nimpeleke Rebeka mlango gani?