Kitabu Kilichofukizwa

Chwaaa! Ndivyo karatasi ilivyolia sokoni Garsen asubuhi moja ya kiangazi, na Abdia Wako, aliyekuwa akipita na kikapu cha nyanya, akasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Nyevu muuza njugu alikuwa amechana ukurasa, akausokota mfano wa pembe, akamimina njugu za kukaanga ndani yake. Kitabu chenyewe kilikuwa kimelala mapajani mwake. Jalada lake lilikuwa la ngozi iliyopauka, na kurasa zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Dada Nyevu, hicho kitabu umekitoa wapi?"

"Kwenye karatasi kuukuu, nanunua gunia zima. Kizuri hiki, hakipitishi mafuta. Gazeti la siku hizi hata njugu kumi zinalitoboa."

"Niuzie."

"Njugu?"

"Kitabu."

Nyevu akacheka mpaka leso ikamponyoka begani. "Mama Liban, wewe na kusoma wapi na wapi? Au unataka kuuza njugu unipokonye wateja?"

Kweli Abdia hakujua kusoma, ila zile herufi za Kiarabu za chuoni alizofunzwa utotoni kwenye ubao. Hizi nyingine zilimpita mbio kama siafu. Lakini alikinunua kitabu, akanunua na zile njugu, ili ukurasa uliozifunga nao usipotee.

Nyumbani kwake, mtaa wa nyuma ya soko, palikuwa na kabati la vioo ambalo watu walilijua kuliko walivyolijua jina lake. Rafu ya juu ilikuwa ya fedha. Kulikuwa na bangili saba zilizovishwa kwenye kijiti, kijiti kimesimama wima kama mkono wa mwanamke aliyezama ardhini akaacha mkono wake nje. Kulikuwa na vijiko vya kila umbo, na birika dogo lisilo na kifuniko, na kisahani ambacho hakuna aliyejua kilitengenezewa kazi gani. Vyote vilikuwa vimepitia mikono ya wengine. Mamake Abdia alikuwa na bangili mbili za namna hiyo, nazo zilikwenda mwaka wa ukame, mwaka walipokwenda ng'ombe. Tangu alipohamia mjini, kila akiona fedha imetupwa kwenye lundo la vyuma chakavu, mkono wake ulijinyoosha wenyewe.

Changawa, mnunuzi wa vyuma chakavu, alimwekea kando kila kitu cheupe ambacho si sufuria. "Mama Liban, leo nina kijiko kina jina la mtu mgongoni," angesema. "Ukila nacho, mkaribishe na mwenyewe."

Rafu ya chini ilikuwa ya vitabu. Alianza kwa kimoja, akafikisha kumi na kimoja, vyote vya zamani, vyote vimeokolewa kwenye njugu, maandazi, au moto wa jikoni. Hakuvisoma. Alivipanga, akavipangusa, akaketi mkekani kuvitazama. Alasiri jua lilipoingia dirishani, fedha ya juu iliurusha mwanga darini, nao ukawa unatikisika pale kama maji, na Abdia akaona kwamba nyumba yake imelala chini ya mto na haijalowa. Alikuwa na sharti moja tu, nalo wanawake wa mtaani walilijua kwa moyo: kilichoingia kabatini hakitoki.

Wadudu hawakulijua sharti hilo. Kile kitabu cha Nyevu hakikuwa kimemaliza mwezi Abdia alipoona kingo zake zimetafunwa. Akafikiri. Kwao, kwa Waorma wafugaji, chombo cha maziwa kilifukizwa kwa moshi ili maziwa yakae, na zizini walichoma samadi kavu mbu wasisogee. Akachukua vijiti vinavyofuka, akaongeza samadi kipande, akaviweka katika kibakuli cha udongo ndani ya kabati, chini, akafunga vioo. Kisha akaenda kuswali.

Alipotoa salamu alisikia mlango ukisukumwa. Mzee mrefu alikuwa amesimama katikati ya nyumba na ndoo ya maji, shati limefungwa vifungo vibaya.

"Kuna mtu ndani?" akapiga kelele. "Nyumba inaungua!"

"Weka ndoo chini," Abdia akasema. "Ni vitabu vinafukizwa."

Mzee akamtazama, akalitazama kabati, akaitazama ndoo. "Nimefundisha shule miaka thelathini na minne," akasema, "sijawahi kuona mtu anafuga vitabu kama ng'ombe."

Huyo ndiye Jotham, Mpokomo, mwalimu mstaafu aliyekodi nyumba ya tatu kutoka pale. Moshi ulipotulia, Abdia akafungua vioo, na wote wawili wakaona alichofanya. Vitabu vilikuwa salama, vinanukia kama kibuyu cha maziwa. Lakini fedha yote ilikuwa imegeuka, ina rangi ya kahawa iliyomwagika. Jotham alicheka mpaka akaketi kando ya ndoo. Abdia hakucheka. Alileta jivu, akaleta ndimu na kitambaa laini, akaanza na bangili ya kwanza.

Jotham akaona haya. Akachukua kijiko naye akaanza kusugua. Ndipo, wakiwa katika kusugua, jicho lake likatua kwenye kitabu chenye ngozi iliyopauka. Akakifungua. Kilikuwa kitabu cha nyimbo za kanisa, cha miaka mingi. Pembeni mwa kila wimbo kulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi, madogo, yaliyoegemea kulia kama nyasi zilizopitiwa na upepo.

Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, kijiko kikiwa bado mkononi.

"Hii ni hati ya baba yangu," akasema mwishowe.

Babake, mzee Ishmael, alikuwa mkulima huko Ndera, na kanisani alikaa benchi la nyuma. Hakuwa na daftari. Mambo ya mto na shamba aliyaandika pembeni mwa nyimbo. Alipokufa vitu vyake viligawanywa, na kitabu kikapotea kwa jinsi vitu vinavyopotea, kwa kila mtu kudhani kiko kwa mwingine.

"Niuzie, Mama Liban."

"Kilichoingia hakitoki, Mwalimu."

"Ni cha baba yangu!"

"Nimekiokoa kwenye njugu." Kisha, kwa kuwa aliona uso wa mzee umeshuka, akaongeza: "Mlango uko wazi alasiri. Njoo ukisome hapa. Nami nitajua kina nini."

Ikawa hivyo kwa miaka minne. Alasiri Jotham alikuja, pazia la mlango likafungwa fundo ili mtaa wote uone, chai ikamiminwa, naye akasoma kwa sauti, kidole chake kikitambaa chini ya kila neno kama alivyozoea darasani. Abdia aliketi upande wa pili wa kona ya meza, akitazama kidole.

"*Jumanne*," Jotham alisoma. "*Mto umepanda. Mpunga wa chini umelala majini.*" Akageuza ukurasa. "*Waorma wameteremka na ng'ombe. Nimempa mzee mmoja mkungu wa ndizi, amenipa maziwa. Maziwa yananukia moshi. Watoto wameyamaliza.*"

"Unaona?" Abdia akasema. "Na wewe ulikunywa, halafu ukaja kwangu na ndoo."

Hakuna aliyemfundisha Abdia. Kidole kilipita chini ya *mto* mara mia, na siku moja akaliona neno likimtazama kabla Jotham hajalitamka. Kisha akaliona *mpunga*. Kisha maneno yakaja makundi kwa makundi, bila kelele, kama ng'ombe wanaorudi wenyewe jioni. Usiku alikisoma kitabu peke yake, mdomo ukitikisika. Lakini alasiri alikaa pale pale, uso wa mtu asiyejua. Alijiambia atasema kesho. Alihofu kwamba Mwalimu akijua, ataona kazi yake imekwisha.

Kwa kuwa alijua kusoma, yeye ndiye aliyeona kwanza. Mwaka wa nne, baada ya mvua za masika, kidole cha Jotham kilianza kuuacha mstari. Kilitambaa pembeni, mahali peupe, na sauti ikaendelea. Alisoma habari ambazo Abdia hakuzikuta kitabuni alipozitafuta baadaye. Alisoma kwamba mto ulikuja na maua ya manjano mpaka watoto wakadhani samaki wana arusi. Alisoma kwamba babake alimsikia kiboko akikohoa chini ya dirisha, akamwambia pole. Mahali hapo mzee Ishmael alikuwa ameandika maneno manne tu, juu ya palizi.

Abdia hakumsahihisha. Alimimina chai, akakiweka kikombe pale mkono wa Jotham ungekifikia bila kutafuta.

Kisha habari ikaja kupitia kwa majirani. Daktari alikuwa amesema ni presha ya macho, nayo imekawia kugunduliwa. Dan, mwana wa Jotham, alitaka babake akaishi naye Mombasa. Mjukuu, Joy, angekuja na gari siku ya Alhamisi.

Jotham alimweleza Abdia kwamba anakwenda. Sababu hakuisema, wala kitabu hakukitaja. Hilo ndilo lililomkosesha Abdia usingizi. Angeomba, Abdia angeweza kumkatalia kwa utani kama zamani. Sasa alikuwa ameachiwa kuamua peke yake: kitabu kiende na Mwalimu, naye abaki na pengo kwenye rafu na alasiri tupu, au kibaki, na mzee aende mikono mitupu ugenini kwa mwanawe.

Alhamisi asubuhi alitoa fedha yote kabatini, akaifunga katika shuka na kuilaza kitandani. Akakifukiza kile kitabu peke yake, polepole, kwa vijiti tu bila samadi, jinsi mamake alivyofukiza vyombo kabla ya kuhama. Akakifunga katika leso mpya.

Jotham alifika alasiri, ameshika mkono wa Joy. Joy alikuwa msichana mchangamfu mwenye haraka za mjini.

"Bibi, kumbe ndiyo hii nyumba! Babu hana hadithi nyingine."

"Karibu, mwanangu. Keti."

Abdia akaifungua leso mbele ya Jotham. Harufu ya moshi ikajaa. "Ni chako, Mwalimu," akasema. "Nenda nacho."

Jotham akakipapasa kitabu, ngozi kwanza, kisha kingo. Akakifungua, akaweka kidole, akaanza kusoma kama siku zote.

"*Leo Ndera yote imelala juu ya maji. Nimepita na mtumbwi juu ya shamba langu mwenyewe, nikaona mahindi yangu chini, yamesimama, kama watu wanaosubiri kuitwa...*"

Joy alikuwa ameinama nyuma ya bega lake. "Babu, mbona hapo si hivyo? Hapo pame..."

"Joy!" Abdia akamkatiza. "Babu yako anasoma mstari wa chini. Wewe unatazama ule wa *Mvua ndogo, tumepanda mahindi*."

Joy akautazama ukurasa, ambao haukuwa na mstari wa chini. Akakitazama kidole cha babu yake, mahali peupe. Akameza mate. "Ni kweli, Bibi," akasema taratibu. "Nimekosea. Wacha nikapange mizigo garini."

Hatua zake zilipofika nje, Jotham akaulaza mkono wake juu ya ukurasa.

"*Tumepanda mahindi*," akarudia. "Ndivyo alivyoandika baba?"

"Ndivyo."

"Tangu lini unasoma, Mama Liban?"

"Tangu kidole chako kilipokuwa bado kinakaa kwenye mstari."

"Na hukusema."

"Ungeacha kuja."

"Kwa hiyo miezi yote hii umenisikia nikitunga."

"Ya maua ya manjano niliipenda sana."

Jotham akacheka, kile kicheko cha siku ya ndoo, ila safari hii alijifuta macho. Akakisukuma kitabu juu ya meza mpaka kikagusa vidole vya Abdia.

"Kirudi kabatini," akasema. "Huko niendako hakuna anayejua kufukiza. Utanipigia simu alasiri, unisomee alivyoandika yeye, neno kwa neno, hata hayo ya palizi. Mimi nitakuwa nimekaa mahali, nimeshika chai."

Nje honi ikalia mara moja, ya mtu anayeona aibu kuipiga. Jotham akapapasa fimbo yake, akaanza kuinuka. Abdia hakuinuka. Alikifungua tena kitabu mbele yake, akakichukua kile kidole cha mzee kwa ncha ya leso, akakiweka pembeni mwa wimbo, mahali peupe.

"Hayo ya baba yako ni ya kesho," akasema, kwa sauti ambayo hata pazia lisingeisikia. "Leo malizia yako, Mwalimu. Gari litangoja."