Jumapili Zisizo na Umeme

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililipitia mlangoni tu. Lakini majina ninayo. Watoto niliokaa nao kwenye benchi moja ninawajua wote, wao na baba zao, na mbuzi wa mama yangu ninawajua, na kila aliyezikwa tangu nilipoanza kuelewa mambo. Humu sitamtaja mtu. Wengi wako hai, na aliyenitenda hivi nimemzaa mwenyewe. Jina lake nililichagua mimi, siwezi kulianika juani.

Nilizaliwa upande wa Haneti, nikaolewa huku Mvumi. Mtu wa mbali atakwambia Kigogo ni Kigogo. Njoo uolewe nacho ndipo utajua. Wifi zangu walikuwa wananiita jikoni niseme neno moja tu wapate kucheka. "Wifi, hebu tuambie tena, kwenu kuku anafukuzwaje?" Nawaambia. Wanaangukiana kwa kicheko. Ningeweza kubadilika, wengi hubadilika. Sikutaka. Binti yangu wa mwisho nikamlea kwa maneno ya kwetu, akatoka anasema kama mimi kabisa, na watoto wenzake wakimwigiza alikuwa hawajibu kwa mdomo. Aliwajibu kwa ngumi, akarudi nyumbani gauni limechanika, anacheka.

Katika ukoo wetu bibi ndiye anayempa mjukuu majina ya waliotangulia. Anampa kwa mdomo, wakiwa wameketi uso kwa uso, moja moja, na kila jina lina maneno yake: huyu alikuwa nani, alichota maji wapi, alichekwa kwa jambo gani, alipoteza ng'ombe wangapi mwaka wa njaa. Mtoto akilishika moja ndipo apewe la pili. Maneno hayo ni ya Kigogo cha kwetu. Kiswahili nilikijua ukubwani, cha gulioni na cha kanisani. Ninakiheshimu, ila wale waliokufa zamani hawakukijua. Nitawaitaje kwa maneno wasiyoyaelewa?

Binti yangu alisoma, akapata kazi nchi ya mbali kaskazini, akaolewa na mtu wa huko, akapata mtoto wa kike. Alikuwa amekuja kunitazama akiwa na mimba yake, na siku anaondoka aliniambia, "Mama, huyu atasema kama wewe. Kila Jumapili ukitoka kanisani nitapiga, umpe majina." Akafanya hivyo kweli. Simu ya picha naiegemeza kwenye sufuria, nakaa mbele yake na kitenge changu kizuri, na kule ndani naona kichwa kidogo cha nywele za kahawia. Mtoto alikuwa hajaweza hata kusema sentensi yake mwenyewe, lakini majina akayapokea. Tulifika kwa mama wa mama yangu. Alilitamka jina lile na maneno yake yote, mpaka lile la kuchekwa, kwa sauti ya kwetu Haneti. Nilitoka nje nikaenda kumwambia jirani yangu, nikiwa sijafunga hata mlango.

Halafu baridi yao ikaingia na simu ikanyamaza. Jumapili ya kwanza nikasema labda wana wageni. Katikati ya wiki binti akapiga, harakaharaka, yuko kazini. "Mama, Jumapili hatukuwa na umeme. Theluji imeangusha nyaya."

"Na simu nayo?"

"Minara inazimika, mama. Huku baridi si mchezo."

Nikaamini. Ningekataa kwa nini? Hapa kwetu upepo ukivuma kidogo tu mashine ya kusaga inazimika, unarudi na mahindi yako kichwani. Jumapili iliyofuata kimya. Ile nyingine kimya. Kila mara jibu ni lile lile, theluji, nyaya, nguzo.

Jirani yangu, ambaye hana neno analolimeza, akasema, "Kumbe na wazungu wana mgao wa umeme! Bwawa lao la Mtera nalo limekauka?"

"Lao limeganda," nikamwambia.

Tulicheka sana siku ile. Lakini mimi sikuwa na raha. Nilikuwa namwona mtoto yule gizani, midomo imepauka. Nikamfundisha binti namna ya kutunza moto: makaa yafukiwe kwenye majivu jioni, asubuhi unachokonoa tu, unapuliza. Akasema, "Asante, mama." Nikakausha mboga yetu ya mlenda, nikaitwanga, nikaifunga kwenye mfuko na kumpa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda huko, kwa sababu mlenda hautaki moto mwingi, ukichemka mara moja tu umeiva. Na kanisani, mchungaji aliposema mwenye hitaji asimame, nikasimama. Nikasema wanangu wako gizani nchi ya baridi. Kina mama wakanizunguka. Mmoja ambaye nyumbani kwake hata nguzo haijafika, anawasha kibatari, aliomba kwa sauti kuliko wote: "Bwana, washike mikono mafundi walio juu ya nguzo, wasianguke!" Nami nikaitikia amina.

Baridi mbili zikapita hivyo. Kiangazi chao kikija tunaongea, lakini mtoto amekuwa kama mgeni, anajificha nyuma ya mama yake, anatoa neno moja la Kiswahili na kukimbia. "Amesahau kidogo," binti ananiambia. "Giza lile limetukatisha." Nikasema giza halina adabu.

Mwaka huu, baada ya mavuno, wakaja wote watatu. Mtoto akashuka kwenye gari, akainamisha kichwa: "Shikamoo, bibi." Kiswahili safi, kama cha redio. Nikaitikia marahaba, nikamshika mikono na kumsemesha kwa maneno yetu. Akamtazama mama yake. Nilijipa moyo. Nikasema moyoni, muda tunao, tutaanza upya na jina la kwanza.

Jambo moja lilinifurahisha siku zile za mwanzo. Kwetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe wake. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno likiwepo linapitia kwa mke. Watoto wa siku hizi hawajali. Lakini binti yangu alinivuta pembeni siku ile ile: "Mama, mila nimemfundisha. Hatakusogelea, wala hatakusemesha." Na alilisimamia kweli. Mumewe akiweka kiti upande wangu, anaitwa. Chakula chake kinapelekwa upande ule wa zizi. Nikamwambia jirani, "Unaona? Wanasema wakienda huko wanapotea. Wangu hajapotea."

Jirani akaguna. "Ameacha kuvaa kitenge, ameacha mlenda, ameshika mwiko wa mkwe?"

"Wivu huo," nikamwambia.

Siku moja binti alikwenda mashineni na mtoto. Mimi niko uani kwenye mkeka, nabangua karanga. Mara namwona mkwe anakuja, mrefu, kofia mkononi, anaketi pale pale kwenye mkeka wangu. Nikageuza uso. Kusimama nilitaka, lakini magoti yangu hayasikii amri siku hizi.

"Mama, samahani," akasema. Kiswahili chake ni cha kusoma, kila neno analiweka chini taratibu kama yai. "Najua ni mwiko. Lakini wote wanafanya kazi. Mikono yangu inaona aibu."

Nikacheka, ningefanya nini? Nikamsogezea ungo nikiwa nimetazama ukutani. Tukabangua. Baada ya kitambo akasema, "Mama yangu pia anakaa kijijini. Kaskazini kabisa, mbali na mji. Wana maneno yao ya huko. Watu wa mjini wanamcheka."

Uso ukageuka wenyewe. "Wanamcheka?"

"Sana. Na mimi shuleni walinicheka. Mama anasema neno 'mimi' tu, wanaanguka kwa kicheko." Akatabasamu. "Ndiyo maana nataka mtoto ayajue maneno yale. Kila Jumapili anaongea na bibi yake kwa simu. Sasa anasema kama yeye. Mama yangu analia kwa furaha."

"Kila Jumapili," nikasema.

"Kila Jumapili, mchana."

"Hata wakati wa baridi?"

"Hasa baridi. Nje hakuna cha kufanya."

"Na umeme?"

"Umeme gani, mama?"

"Unaokatika. Theluji, nguzo."

Akasimamisha mikono, akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu aliyeulizwa njia. "Umekatika mara moja. Upepo mkubwa ulileta miti juu ya nyaya. Tukawasha jiko la kuni, tukalala wote chumba kimoja, mtoto alifurahi. Asubuhi ukarudi." Kisha akaniona usoni, pale ambapo hakutakiwa kunitazama. "Mama, nimesema vibaya?"

"Hapana, baba. Umesema vizuri. Bangua karanga."

Binti aliporudi alitukuta hivyo. Unga kichwani, mtoto nyuma yake. Alisimama kwenye mlango wa ua, na kabla hajatua mzigo akamfokea mumewe: "Nilikwambia usikae hapo!" Ndipo nilipoelewa ule mwiko ulikuwa unalinda nini. Mila yote ameiacha huko njiani, akabeba hii moja, akaja kunijengea ukuta nayo, nami nikamsifu.

Nikamwambia mumewe ampeleke mtoto kuona mbuzi. Binti nikamuuliza kwa Kigogo, "Umeme ulikatwa na nani?"

Akajibu kwa Kiswahili. Hilo nalo liliniuma. "Mama, walimu wa chekechea walisema mtoto amechelewa kuongea. Walisema lugha zimekuwa nyingi. Ya shule, ya bibi yake kule, Kiswahili, na hii. Wakashauri tupunguze."

"Mkapunguza ipi?"

Akautua unga, akaanza kukung'uta mikono.

"Nakuuliza, mkapunguza ipi?"

"Hii ataitumia wapi, mama? Na nani?"

"Na ya yule bibi wa huko ataitumia wapi? Si wanaicheka mjini?"

"Ile ni ya pale, mama. Anaishi pale."

"Wewe ulipigana barabarani kwa sababu ya maneno haya. Nilikushonea gauni mimi."

"Nilikuwa mtoto."

"Ungeniambia."

"Ungelia."

"Ningelia, ndiyo! Ningelia nikanyamaza. Watu hulia. Lakini nisingesimama kanisani. Nisingewasimamisha kina mama kuombea nyaya zisizokatika."

Akaanza kulia yeye. Alisema alikusudia baridi moja tu, kisha neno lile likawa gumu kulirudisha. Alisema kila Jumapili mtoto akicheka na bibi yule, yeye alikuwa anakwenda kuoga ili asisikie. Labda ni kweli. Kisha akafuta uso kwa kiganja, akatoa simu yake, akaiweka kwenye mkeka katikati ya maganda. "Mama, yaseme yote sasa. Majina na maneno yake. Nitarekodi. Akiwa mkubwa atasikiliza."

Niliitazama ile simu. "Na umeme ukikatika?" nikamwambia.

Nilijua litamchoma, na nililisema ili limchome. Machozi yake sikuyafuta.

Siku zilizobaki nilijaribu peke yangu. Alasiri moja nilimweka mtoto mbele yangu, nikasema jina la mama yangu. Akalirudia vizuri tu. Akauliza, "Huyo ni nani?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Pole, bibi."

Basi. Kiswahili changu hakikwenda mbele ya hapo. Namna mama yangu alivyotembea, namna alivyotukana mvua ikichelewa, na lile neno aliloitwa na mawifi zake, vyote nilikuwa navyo mdomoni na sikuwa na chombo cha kuvitilia. Mtoto alingoja kidogo kwa adabu, kisha akaomba ruhusa akacheze.

Jioni simu ya yule bibi wa kaskazini ikaita, na mtoto akabadilika. Maneno yalimtoka mbio, yana kupanda na kushuka, anapunga mikono, anacheka kabla hajamaliza. Nilisikiliza bila kuelewa hata neno, na nikajua ni maneno ya mtu anayechekwa mjini. Yalikuwa mazuri. Mtoto akanigeuzia simu, nikaona mama mzee mwenye mashavu mekundu, ameketi jikoni kwake, taa inawaka nyuma yake. Akanipungia. Nikampungia. Sina neno naye, hakuniibia yeye.

Jumapili kina mama walinizunguka nje ya kanisa, wakamshika mtoto kichwa, wakamshukuru Mungu. Yule wa kibatari akauliza, "Na umeme wa wenzetu vipi?" Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu.

"Umerudi," nikasema.

Wakapiga vigelegele. Binti akanishika mkono, nikautoa taratibu ili watu wasione.

Waliondoka asubuhi. Mkwe aliniaga kwa mbali, kofia kifuani, mwiko ameukumbuka upya. Binti akapiga magoti, nikamwekea mkono kichwani kwa sababu ndivyo inavyofanyika. Mtoto akatoa kichwa kwenye dirisha la gari. "Kwaheri, bibi!"

Maneno yetu ya kumuaga mtoto ninayo, ni marefu, yana jina lake ndani na la yule aliyemtangulia. Nilifungua mdomo. Nikaona anavyoningoja, ametabasamu, yuko tayari kuelewa.

"Kwaheri," nikamwambia kwa Kiswahili. "Safari njema." Kama ninavyomwambia mpita njia yeyote aliyesimama kwangu kuomba maji.