Hudihudi wa Ukuta wa Jirani

Mtu akikuambia mfanyakazi wa ndani Riyadh hana nafasi ya kutazama ndege, muulize nguo za watu tisa zinaanikwa wapi. Zinaanikwa juu ya paa. Nyumba ya madam wangu, huko Al-Naseem, ina paa bapa lenye ukuta wa kufika kifuani, matangi ya maji, madishi ya televisheni na kamba zangu sita. Kuanzia mwezi wa tatu, kabla joto halijaanza kutukaanga, ndege wanaotoka kwetu kwenda kaskazini hupita hapo juu makundi kwa makundi. Mimi nimebana vibanio mdomoni, wao wanajiendea bila ikama, ile karatasi ya ukaazi, wala viza. Niliwaonea wivu, sikatai.

Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni nesi mmoja Mzanzibari anayeishi Sharafiya, Jeddah. Alianzisha kundi la ndege kwenye simu, la sisi wanawake wa Kiswahili tuliotawanyika nchi hii. Ukiona ndege unaandika ni nani, wangapi, saa ngapi, mtaa gani, naye mwisho wa mwezi anaziweka taarifa zote pamoja. Ni mkali kwelikweli. Niliwahi kuripoti tai, kumbe ni mfuko wa nailoni ulionasa kwenye dishi, na alinitania wiki nzima. Masharti ya kundi aliyaandika vizuri: usimtupie ndege jiwe ili upate picha akiruka, kama humjui sema humjui, na kiota kisitajwe kilipo mpaka makinda wawe wameondoka. Niliyakubali masharti hayo kama watu wote wanavyokubali masharti, yaani sikuyasoma.

Basi, mwaka jana hudihudi wawili walihamia jirani. Nyumba inayopakana na yetu haina watu, ni ya shemeji yake madam, na ukutani pana tundu lililobaki walipong'oa kiyoyozi cha zamani. Dume ana kishungi cha kujidai na mabawa ya mistari, na kutwa nzima alikuwa akileta wadudu. Jike alitulia ndani. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kusikia makinda wakilia kwa mluzi mwembamba, na harufu ikaanza pia. Hakuna aliyeniambia kwamba hudihudi, kwa urembo wake wote, kiota chake kinanuka nyama iliyooza. Madam alipanda juu mara mbili kunusa matangi, kisha akaniuliza kama nimesahau kuku mahali. Nikasema mafi kuku, madam, yaani hakuna.

Siku nilipoona midomo mitano ikichungulia tunduni kwa pamoja, akili iliniruka. Nikapiga picha, nikaandika "Watoto watano jamani!", nikatuma kwenye kundi. Halafu nikatuma lokesheni.

Hapo lazima nieleze. Mkenya yeyote anayekuja kufanya kazi za nyumbani huku hutuma lokesheni kabla hajafungua sanduku. Nyumba mpya, unatuma. Umepelekwa kwa dada yake madam kusaidia karamu, unatuma. Ikitokea shida, awepo mtu anayejua uliko. Kidole changu kilikuwa kimezoea hivyo, nikaituma lokesheni ya makinda bila kuwaza lolote.

Nesi alipotoka kazini alasiri akanipigia, hata salamu hakuna.

"Futa, mdogo wangu, futa sasa hivi! Umo akilini wewe? Kiota kinatangazwa kama harusi?"

"Aki dada, sikujua ni makosa."

"Kuna watu wanamtafuta huyo hudihudi kwa dawa zao za uganga. Wakimpata, halas. Futa!"

Nikafuta. Lakini picha ilikuwa na saa nne hewani, na kundi letu lina watu wenye makundi mengine, na hao wengine wana yao. Maneno yangu ya Kiswahili huenda hayakueleweka huko mbele, ila ramani haihitaji mkalimani. Sikulala vizuri. Nilijiona mjinga, na ujinga wangu ungelipwa na viumbe ambao hata manyoya yalikuwa hayajawatosha.

Siku ya tatu, nikikung'uta mazulia, nikaona mwanamume amesimamisha ngazi kwenye ukuta wa ile nyumba tupu. Mkononi ana gunia. Dume alikuwa juu ya waya, amesimamisha kishungi, analia bila kukoma.

Nilishuka zile ngazi mbiombio.

"Madam, yalla, mwizi! Nyumba ya shemeji!"

"Mwizi wa nini? Mle hamna hata kijiko."

"Wa ndege, madam."

Alinitazama kana kwamba nina homa. Hata hivyo alivaa abaya na kufunika uso, akatoka hadi nje ya geti, nami nyuma yake. Madam wangu ni mfupi, lakini sauti yake ingefika Jeddah. Yule bwana aliteremka haraka, gunia tupu. Ili kujitetea akamwonyesha simu: kwani si mmetangaza wenyewe?

Ilikuwa picha yangu. Na pembeni ya picha, nilichokuwa sijakiona siku zote hizo, ni kamba yangu ya tatu na magauni ya kulalia ya madam, lile la maua na lile la paka.

Bwana akaondoka na ngazi yake. Ningeweza kusema sijui. Madam ana majirani wengi wenye wafanyakazi, na kamba zetu zinaonekana kutoka mapaa yao. Lakini nikisema sijui, hatamwambia shemeji yake alinde ule ukuta, na mtu yule atarudi.

"Ni mimi, madam," nikasema. "Nilipiga mimi, nikatuma mimi. Naomba makinda wasichukuliwe."

Akataka nifungue simu yangu. Mbele yake nikafuta picha zote, na kila lokesheni ya nyumba yake, hadi tukafika kwa moja niliyomtumia binamu yangu siku niliyofika. Kidole kikasita. Nikamweleza ni ya nini. Akaichukua simu, akaisoma tarehe, akanirudishia na kusema hiyo ibaki. Jioni hiyo shemeji akaja kufunga geti la ile nyumba kwa mnyororo.

Kundini nikaandika kosa langu bila kulipamba. Nesi hakunitania.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya Ijumaa, makinda wakaanza kutoka. Nikamwita madam. Alipanda na pazia la pua, yaani ncha ya mtandio, akaketi juu ya ndoo niliyoipindua. Wa kwanza akaruka, wa pili, wa tatu na wa nne wakafuatana. Wa tano akachungulia, akarudi ndani.

"Ana nini?" madam akanong'ona.

"Anaogopa, madam."

Tukangoja, chai ikapoa chini jikoni. Alipotoka hatimaye, akapiga mabawa kama mtu anayekimbia na viatu vya kuazima, akatua juu ya dishi letu. Nililia. Madam naye alikuwa akipiga makofi, na kabla sijafuta machozi akatoa simu yake, akampiga picha, akafungua kundi la dada zake.

Nikaweka kiganja juu ya kioo cha simu yake.

"Hapana, madam. Bado wako hapa hapa. Wiki ijayo."

Miaka miwili nyumbani kwake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hapana. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akairudisha mfukoni.