Menyu Iliyokataa Kidole

Tulikuwa kumi na wawili katika darasa la kutengeneza tovuti, kwenye chumba kilicho juu ya duka la simiti mjini Nakuru, na mimi niliwadharau wote kumi na mmoja. Zoezi letu la kila siku lilikuwa vipande vidogo vya ukurasa: kitufe kinachobadilika rangi, maswali yanayofunguka ukiyabonyeza, kisanduku kinachojitokeza na kufungika. Wenzangu walinakili video za mtandaoni mstari kwa mstari, wakabadilisha buluu kuwa kijani, kisha wakatembea kwenye korido kama watu walioajiriwa. Mmoja aliacha kwenye ukurasa wake hadi salamu za mwenye video kwa mke wake.

Niliyemdharau zaidi alikuwa mama mmoja aliyetoka Gilgil kila asubuhi, mwenye umri wa kutosha kunizaa. Vitufe vyake vilikuwa vikubwa kama mikate. Kwa kuwa hakuwa na laptopu, akimaliza kuandika kwenye kompyuta ya darasa aliufungua ukurasa kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaugusagusa kwa kidole gumba.

"Mathe, hiyo ni ya watoto wa nursery?" nilimuuliza siku moja. Darasa likacheka.

"Wacha nione kama itafunguka," alisema, akaendelea kugusa.

Mimi nilikuwa na menyu. Ukipitisha kipanya juu yake, ilishuka taratibu, na kivuli chembamba chini yake nilikuwa nimekihangaikia siku tatu. Niliihitaji sana. Ofisi moja ya mjini ilikuwa imeahidi kumchukua mwanafunzi mmoja tu kutoka kwetu, na baba, mwenye mashine ya kupasua mbao kule Elburgon, alikuwa ameniambia nikiikosa nafasi hiyo nirudi nyumbani nipange mbao. Afadhali ningezitafuna hizo mbao.

Mwenye ofisi alipokuja kutupima, nilimdharau yeye pia, kwa sababu alivaa sandali na soksi. Nilimgeuzia laptopu yangu kwa madaha. Hakuitazama. Alitoa simu, akaniomba anwani ya ukurasa wangu, akaufungua na kugusa menyu. Haikushuka. Akagusa tena.

"Boss, hii kitu inafunguka aje?"

Nikaichukua simu yake. Niligusa, nikabonyeza, nikasugua kama mtu anayeondoa doa. Menyu ilitulia tuli na kivuli chake kizuri hakikuonekana popote. Nilikuwa nimeiandika ingoje kipanya kipite juu yake, na simu haina kipanya. Watu wote ninaowajua, kuanzia mama yangu mzazi, huingia mtandaoni kwa simu. Miezi minne mizima sikuwa nimeigusa kazi yangu kwa kidole hata mara moja.

Yule mama alisogea, akachungulia skrini ya laptopu yangu. "Umeambia ingoje mouse," alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Ongeza click hapo. Hata mimi ilinisumbua wiki ya kwanza."

Wiki ya kwanza! Nilitamani anicheke. Angenicheka ningejua la kumjibu.

Ukurasa wake ulifunguka kwenye simu ya yule bwana, ukafungika, ukafunguka tena. Akamwuliza kama angeweza kuanza Jumatatu. Mama alisema angeweza, kisha akaja kwenye meza yangu kunionyesha mahali pa kuongeza mstari ule. Nilimwambia nina haraka.

Jumatatu hiyo nilikuwa Elburgon. Baba aliniuliza mambo yalivyokwenda, nami nikamwambia walikuwa na mtu wao tangu mwanzo, wakampa nafasi kwa kujuana. Alininunia kwa muda, kisha hasira yake ikawahamia hao watu wa Nakuru. Akasema mtoto wake ameonewa, na kwamba angempata huyo aliyechukua nafasi yangu angemwambia ukweli wake. Nilimwacha aseme. Alinipa glavu zake mwenyewe, zile nzuri, ili nisichomwe na vibanzi.