Vile Kigujarati cha welder kilinipatia scholarship ya India, Kawangware 2008

Wakuu, niaje.

Kila mara naona mtu humu anauliza kama kuna funding ya Masters ama PhD kwa wanaosoma mambo ya South Asia. Majibu ni yale yale: "Hakuna, fanya MBA."

Ziko. Mimi nilipata. Vile nilipata si kitu ya kuandika kwa CV, so nitawaambia tu ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

2007 nilikuwa nafanya Masters ya historia, naishi Kibera upande wa kupakana na Ayany. Thesis yangu ilikuwa juu ya familia za Wahindi waliofungua maduka Nairobi zamani. Nilichekwa sana. Mama yangu mwenyewe aliniuliza, "Sasa Wahindi ndio watakuandika kazi?"

Kwa noticeboard ya department nikaona fellowship: mwaka mzima India, ya graduate students wa South Asian studies. Nauli, chakula, archives, darasa la lugha, kila kitu. Lakini lazima ujue angalau lugha moja ya huko, na interview watakupima.

Mimi nilikuwa najifunza Kigujarati kwa kitabu cha library. Shida ni kitabu hakijibu mtu.

Hapo ndio Fundi anaingia.

Alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango. Welder, amefanya kazi miaka mingi kwa workshop ya Mgujarati huko Industrial Area. Jina lake siweki, na kabila lake siweki. Mtaelewa mbele.

Kigujarati chake kilikuwa cha kutumwa na kugombezwa. Leta, shika, haraka, wewe mjinga. Lakini kilikuwa kinatembea. Jioni tunaketi nje na chai, ananiita "Daktari wa Wahindi," ananifokea kama mdosi wake mpaka nimjibu sawasawa. Hiyo miezi tulicheka, wacha tu.

Nikaitwa interview. Ya simu, January 2008, saa tisa mchana.

Wenye walikuwa Nairobi wanajua hiyo January. Matokeo ya kura yalikuwa yamekataliwa, mtaa unachomwa, majirani wanawindana. Kwetu stima ilipotea. Kibanda cha kuchajia simu kilikuwa jivu, na simu yangu imezima. Cyber zimefungwa, so hata kuwaomba wasongeze siku singeweza.

Nikikosa hiyo simu, nafasi inaenda kwa mwingine. Basi.

Auntie yangu, dada ya mama, alikuwa anaishi Gatina, Kawangware, na kwake stima ilikuwa. Nikaamua kwenda kwa miguu asubuhi.

Fundi akasema ananisindikiza.

"Fundi, wewe kaa," nikamwambia. "Huko nje wanatafuta watu wenu."

"Na huku ndani je?"

Kumbe alikuwa tayari ameweka nguo zake kwa paper bag.

Njia yote nilikuwa napractice interview, na yeye ananirekebisha. Kabla tufike 56, ile stage ya Kawangware, tukakuta barabara imefungwa na mawe na matairi. Vijana wengi, panga mkononi.

"Vitambulisho."

Hatukuwa navyo. Siku hizo watu walikuwa wanaviacha nyumbani makusudi, juu jina peke yake lilitosha kukuua.

"Basi ongeeni kikwenu tusikie."

Hapa nieleze kitu. Mama yangu ni Mkamba wa Kitui, baba alikuwa mtu wa Western, mimi ni mzaliwa wa Kibera. Naongea Kiswahili na Sheng. Kikamba najua salamu tu. Fundi naye alikuwa na lugha yake safi kabisa, na ndio hiyo walikuwa wanatafuta.

Wakuu, niliogopa. Kichwani kulikuwa kumebaki kitu moja tu, ile interview. Nikamgeukia Fundi nikamwambia, "Kem cho?" Yaani, u hali gani?

Fundi akaniangalia. Halafu akaanza kunifokea kwa ile sauti ya mdosi wake, mikono juu, matusi na yote. Mimi najibu. Yeye anafoka zaidi.

"Hawa ni watu wa wapi?" mmoja akauliza.

Mwenzake akaangua kicheko mpaka akainama. "Buda, hiyo ni Kihindi! Hivyo ndio nilikuwa natukanwa kila siku huko Industrial!"

Wengine wakaanza kucheka pia. Mkubwa wao hakucheka. Akamsongelea Fundi. "Mzee, wewe ni kabila gani?"

Fundi akamjibu kwa Kigujarati. Hata mimi sikuelewa alisema nini.

Yule mkubwa akasukuma jiwe kwa mguu. "Pitieni. Na msirudi na hii njia."

Saa tisa, kwa auntie, simu ishapata chaji, ikalia. Panel ya watu watatu. Kwanza maswali ya kawaida, sources, methodology, utafanya nini na mwaka wetu. Halafu mama mmoja, ndiye alikuwa wa lugha, akaniambia nimweleze kwa Kigujarati siku yangu imekuwa aje.

Nilikuwa nimekariri maneno mazuri juu ya maduka. Nikaacha, nikamwambia vile siku ilikuwa. Grammar ilikuwa takataka.

Yule mama akaniuliza:

"Huyo rafiki yako yuko wapi sasa?"

Nikasema ameketi hapa, chai imemshinda kumaliza. Akaomba kumsalimia.

Fundi akashika simu na mikono miwili. Akasema "Kem cho" polepole, kwa sauti yake mwenyewe. Akasikiliza sana, halafu akalia. Mpaka leo hajaniambia yule mama alimwambia nini.

Funding nikapata. Thesis nikabadilisha, ikawa juu ya Kigujarati cha wafanyakazi Waafrika. Fundi hakurudi Kibera, nyumba yake iliingiwa na watu wengine hiyo wiki. Alianza upya kwao.

Nilichojifunza: applyni. Sharti la lugha linaogopesha watu, so hamtakuwa wengi. Jifunze na mtu, si kitabu peke yake. Na ukipata shida waambie mapema. Baadaye niliambiwa wangesongeza siku bila maneno, wangejua tu. Ilinikera hiyo.

Wenye mko na maswali ama mlipata funding kwa njia zenu, uwanja ni wenu.

Na wewe uliyecheka pale kabla ya 56, kama uko humu, andika hata neno moja. Kicheko chako ndio kilitupitisha. Fundi kila akipiga simu huniuliza kama uko hai.